Kidonge au maneno: barua ya wazi kwa Gavana wa Mombasa

Mheshimiwa Gavana Abdulswamad Shariff Nassir, na wote wa Idara ya Afya ya Kaunti,



Nakuandikia kutoka Timbwani, Likoni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni dada wa mgonjwa. Nami niliwahi kuumwa, kwa maradhi mengine kabisa na ya ndugu yangu, na kule kutofautiana kwa maradhi yetu ndiko kulikonishikisha kalamu.

Haipiti wiki bila mzazi au jirani kunivuta kando: “Mwalimu, mwanangu ana mawazo. Nimpeleke kwa daktari wa akili au nimtafutie mshauri?” Hunijia mimi kwa kuwa wanayajua ya nyumbani kwetu. Swali lenyewe lina majibu, na waliosomea majibu hayo wapo Kenya hii. Lakini sisi wa ng'ambo, Likoni, Kisauni na Changamwe, mara nyingi nauli ndiyo inayotujibia.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa simu, ana kibanda chake karibu na feri. Alipotimia miaka 21 alianza kuzikusanya simu za wateja na kuzifukia kwenye ndoo ya mchanga, akidai zinalitaja jina lake usiku. Tulifanya kama wafanyavyo wengi. Alisomewa Kurani, akanyweshwa kombe, na simlaumu mtu kwa hilo. Mama alikuwa akimtafuta mwanawe kwa njia aliyoijua. Kisha ami akatuletea mshauri, mtu mpole mwenye subira, aliyekaa naye mkekani jioni sita. Akamuuliza ya utotoni, akamuuliza kifo cha baba. Mdogo wangu alimjibu kwa adabu zote. Mgeni alipoondoka, akaninong'oneza kuwa yule bwana ametumwa na zile simu.

Maneno ya mshauri yalikuwa mazuri, ila ugonjwa uliyameza kama ulivyomeza kila kitu. Miezi minane ikatupotea. Alipofikishwa kwa daktari na kuanzishiwa dawa, wiki ya tatu aliniuliza, “Dada, simu za watu ziko wapi?” Tukaenda pamoja kuzifukua zile ambazo wenyewe hawakuja kuzidai. Nyingi zilikuwa zimekufa.

Ningeweza kuishia hapo nikasema dawa ndiyo jibu, lakini sivyo ilivyokuwa. Sindano ya mwezi ilimtuliza, kisha ikamkakamaza shingo na ulimi, mate yakawa yanamtoka, na hakuna aliyekuwa ametuambia kuwa hilo hutokea na lina dawa yake. Mama akaona mwanawe ameharibiwa. Tukaacha kwenda. Haikupita miezi mingi, akarudi kwenye mchanga. Daktari wa pili alipunguza kipimo, akaongeza kidonge cha kulegeza misuli, akatumia nusu saa nzima kutueleza. Nusu saa ile ndiyo iliyomrudisha ndugu yangu kwenye dawa, nayo ni adimu kuliko dawa yenyewe.

Yangu yalikuja baadaye. Nilijifungua mtoto aliyekwisha kufa, mimba ya miezi minane. Kwa wiki nyingi sikulala, na chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Nikaenda kituo cha afya, ambacho sitakitaja. Niliulizwa maswali nimesimama dirishani, foleni nyuma yangu, na wa tatu kwenye foleni alikuwa mama wa mwanafunzi wangu. “Unafikiria kujidhuru?” Nikasema la. Halikuwa jibu la kweli. Nikapewa vidonge kwenye bahasha ya khaki, kimoja kila usiku, basi. Nililala, naam. Niliamka, na mwanangu bado hayupo.

Aliyenitoa pale ni mshauri wa saikolojia kule kisiwani, niliyemlipa kwa fedha zangu. Saa moja naye ilinigharimu unga wa nyumba nzima kwa wiki. Tulikaa vikao vinane. Katika kikao cha kwanza hakunipa ushauri wowote. Aliniuliza tu mtoto tulimpa jina gani, na kabla yake hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wataalamu wa pande zote mbili, na wala hawagombani kama watu wanavyodhani. Mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayekesha siku kumi akigawa mali yake kwa furaha isiyo na kipimo kisha akaporomoka, huyo aanze kwa daktari na dawa. Mazungumzo yatafuata akili ikishatulia. Daktari pia ndiye atakayeangalia kama si kifafa, tezi ya shingo au unga wa kulevya uliomleta katika hali ile. Mwenye majonzi, jakamoyo au huzuni ya kadiri, ambaye bado anaoga na kupika lakini ndani amezimika, mazungumzo yaliyopangwa, yenye mwanzo na mwisho, mara nyingi humtosha bila kidonge. Huzuni ikizidi hadi mtu haamki kitandani, au anatamani kufa, apewe vyote viwili, na upesi.

Na si lazima mazungumzo hayo yawe ya mtu mwenye shahada tatu. Huko Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Washona huyaita maradhi yale kufungisisa, kufikiria kupita kiasi, yaani haya haya tunayoyaita sisi mawazo. Utafiti wa wagonjwa 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hapa kwetu, Dagoretti, wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa kuendesha vikao vitano tu na wanawake waliopitia ukatili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yakaonyesha dhiki yao imepungua.

Likoni, mheshimiwa, inalihitaji benchi hilo kuliko wengi wanavyojua. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Agosti 1997 tukaingiliwa na machafuko. Nina wazazi wa wanafunzi ambao wakiingia ferini hushika chuma na kufumba macho hadi upande wa pili. Hawana wazimu, na hawahitaji wodi. Wanahitaji mtu wa kuwauliza.

Kisauni kuna jambo jingine. Kule dawa yenyewe imekwishafanya uadui. Mama aliyezika mwana kwa unga na vidonge vya kulevya vya bugizi, umwambie leo ampe mwanawe wa pili kidonge cha kutuliza! Atakitupa chooni, na sababu anayo. Huyo hawezi kuikubali dawa kabla ya kuzungumza na mtu anayemwamini. Lakini ni Kisauni hiyo hiyo yenye kliniki ya methadoni, ambako mraibu hupata dawa na ushauri nasaha mahali pamoja. Kwa hivyo kaunti yako inajua kufanya hili, na imelifanya kwa watu ambao wengi walikuwa wamewakatia tamaa. Ninachoomba ni utaratibu huo huo kwa mwenye majonzi na kwa mdogo wangu.

Changamwe ina Port Reitz, hospitali ambayo wodi yake ya akili inategemewa hata na watu wa kaunti jirani. Utotoni tulikuwa tukitishana: “Utapelekwa Port Reitz!” Basi mtu mwenye huzuni, akiambiwa leo aende huko, huona amekwishahukumiwa. Na kwa mtu wa Likoni ni boda, feri, matatu mbili, na mgonjwa mkononi ambaye pengine hataki kukanyaga feri. Barabara ya Dongo Kundu imewafupishia njia wenye magari, na wenye wagonjwa mara nyingi hawana.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010 iliweka hospitali na zahanati za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yaliziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi na kuzitengea fedha, yakataka kila kaunti iwe na baraza la afya ya akili, na yakampa mgonjwa haki ya kuelezwa tiba yake na kuiridhia. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Niliposikia habari za hukumu ile nililikumbuka lile “la” langu pale dirishani. Sikuwa nimemwogopa mama wa mwanafunzi peke yake. Nilikuwa nimeogopa polisi.

Kwa hivyo naomba muuguzi mmoja wa afya ya akili na mshauri mmoja aliyesajiliwa katika hospitali ya Likoni, na wengine wawili kama hao Kisauni, na wengine Changamwe katika zahanati za kawaida, mbali na geti la wodi. Wakae kliniki siku ile ile, milango ikitazamana, ili mmoja akiona mgonjwa huyu si wake amvushe upande wa pili hapo hapo, bila barua wala nauli. Daktari wa akili awazungukie kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Sindano ya mwezi isikose Likoni hata mwezi mmoja, kwa maana mwezi mmoja unatosha kumrudisha mtu mchangani. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023 wafundishwe vile vikao vitano vya Dagoretti. Hao ndio wanaojua nyumba gani pazia halijafunguliwa wiki nzima. Na mgonjwa anapopewa dawa, aambiwe kwa Kiswahili itamfanya nini, itachukua wiki ngapi, na arudi lini ikimsumbua. Hilo halihitaji bajeti ya ziada.

Nimesema bajeti. Najua hujakosa pa kuzipeleka fedha. Kama za mwaka huu hazitoshi kwa yote niliyoyaomba, basi anza na chumba kimoja katika kila kituo, chenye viti viwili na mlango unaofungika. Hata muuguzi aliyeko kazini leo, pamoja na uchovu wake wote, akimuuliza mtu swali lile mlango ukiwa umefungwa, atajibiwa tofauti na nilivyojibu mimi.

Wako,
Dada wa mgonjwa,
Timbwani, Likoni