SIKU YA MAFURIKO ILIPWE

Ndugu wafanyakazi wa Thika na Ruiru,

Mvua ndefu huja kati ya Machi na Mei. Mvua fupi huja kati ya Oktoba na Desemba. Jambo hili hata mtoto wa shule analijua. Basi twashangaa kila mara maji yanapoingia nyumbani mwa watu kuwaona wakubwa wakisimama mbele ya wapiga picha na kusema kwamba mambo haya ni ya ghafula. Sisi twasema si ya ghafula. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalionekana.

Tukumbushane. Mwezi wa Oktoba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba El Niño iliyokuwa ikiogopwa haitafika. Kabla ya mwaka kwisha mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 150 katika Kenya. Ikafuata mvua ndefu ya 2024. Mwezi wa Aprili mji wa Athi River uliingia maji. Tarehe 28 Aprili mashua ilizama katika mafuriko ya Mto Tana upande wa Garissa. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yalishuka Mai Mahiu yakawachukua watu usingizini pamoja na nyumba zao. Ndipo tarehe 2 Mei serikali ikatoa amri kwamba wote wakaao karibu na mabwawa 178 wahame kwa muda wa saa 24. Kufika katikati ya Mei hesabu ya waliokufa ilikuwa karibu 300. Amri ilikuja, lakini ilikuja nyuma ya mazishi.

Wako wenzetu wasemao kwamba dhoruba ni mambo ya watu wa pwani. Kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei 2024, na wavuvi wa pwani ya Kenya walipoonywa wasitoke baharini, huku kwetu wengine walisema, "Hayo ni ya huko kwenye minazi." Ndugu, maji hayajui bara wala pwani. Mto Chania na Mto Thika hukutana hapa hapa mjini kwetu, kwenye maporomoko ya Blue Posts. Kutoka hapo maji hushuka mpaka Masinga, yakaingia Tana, yakapita Garissa, Hola na Garsen, na kumwagika baharini Kipini. Maji ya Mto Ruiru nayo hufika Athi, na Athi ukiendelea huitwa Galana, kisha Sabaki, na kutoka baharini kaskazini ya Malindi. Basi mkulima wa Tana akiwa na dhoruba mbele yake baharini, ana maji yetu nyuma yake mtoni. Mtaro tunaouziba hapa kwa takataka, na kilima tunachokata miti yake, yeye ndiye anayelipa. Kujitayarisha kwa pwani kunaanza huku juu kwetu.

Na sisi wenyewe hatuko salama. Mwaka 2009 mji wa Ruiru ulihesabiwa watu wasiofika 240,000. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 490,000. Mashamba ya kahawa yaliyokuwa yakinywa mvua yamekatwa viwanja, na mahali pa udongo sasa pana mabati, saruji na lami. Mvua ile ile iliyokuwa ikizama ardhini sasa yakimbia juu ya ardhi, yatafuta njia. Yasipopewa mtaro, itapita mlangoni. Je, ni mlango wa nani? Si wa mwenye kiwanja aliyejenga juu kwenye mwinuko. Ni wa mfanyakazi aliyepanga chumba bondeni kwa sababu mshahara wake haufiki juu.

Tunaambiwa, "Hameni mabondeni." Neno hili ni jepesi kinywani. Hakuna mtu apendaye kulala na watoto kando ya mto uliojaa. Anakaa huko kwa kuwa kodi ni ndogo na kiwandani anafika kwa miguu. Mwenye kumwambia ahame, na amwonyeshe pa kwenda, na amwambie nauli ataitoa wapi. Katika mwezi wa Mei 2024 watu wa Mathare na Mukuru, Nairobi, walibomolewa nyumba zilizokuwa karibu na mito, na serikali ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila jamaa. Anayejua kodi na malipo ya mbele ya nyumba atatuambia fedha hiyo inamfikisha wapi. Sisi hatupingi mito iachiwe nafasi yake. Tunapinga mito ipewe nafasi na watu wasipewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo matajiri hawapendi kulisikia. Onyo la mvua hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa, husomwa redioni, hufika katika ofisi za viwanda. Lakini asubuhi ya siku hiyo king'ora kinalia saa ile ile, na karani wa zamu anaandika majina saa ile ile. Mfanyakazi anatazama daraja limefunikwa na maji. Akivuka, pengine atakufa. Asipovuka, jina lake halimo, na siku yake imekatwa. Hapo onyo lina faida gani? Kumwambia mtu kaa nyumbani, na huku unamkata mshahara kwa kukaa nyumbani, ni kumfungia mlango na kumcheka kwamba hakutoka.

Matajiri hujibu kwamba mashine ikisimama ni hasara. Sisi twajibu kwamba mashine hiyo ina bima. Kitanda cha mfanyakazi hakina bima, wala unga wake, wala vitabu vya watoto wake. Tena maji yakiingia kiwandani mashine itasimama hata kama wafanyakazi wote wamo ndani, ila watakuwa wamenaswa.

Haya si maneno ya kutisha bure. Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko makubwa yalipiga jimbo la Valencia, Hispania, nchi yenye mali na vyombo kuliko sisi. Wataalamu walikuwa wameonya. Chuo Kikuu cha Valencia kilifunga masomo siku hiyo, lakini viwanda na maduka mengi viliendelea na kazi. Onyo la serikali katika simu za watu lilifika saa 2 na dakika 11 za usiku, wakati maji yalikuwa yamekwisha kuwazoa wengi, na wengine walikuwa kazini au njiani kutoka kazini. Walikufa zaidi ya 220. Mwezi uliofuata serikali ya Hispania ilipitisha sheria: mfanyakazi asiyeweza kufika kazini kwa sababu ya hatari ya hali ya hewa, au kwa sababu wakubwa wamekataza watu kusafiri, apewe mpaka siku 4 za likizo yenye mshahara. Ilibidi watu wafe ndipo sheria izaliwe. Sisi twaweza kuidai kabla ya kufa.

Sheria ya Kenya inasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi anayeona hatari kubwa ya karibu amwarifu msimamizi wake, na mpaka hatari hiyo iondolewe, tajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali penye hatari. Kifungu cha 9 chataka pawe na kamati ya usalama kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Silaha hizi tunazo, tuzishike. Lakini tusijidanganye: sheria hiyo yalinda mahali pa kazi, na mto uko njiani. Pengo hilo haliwezi kuzibwa ila kwa mapatano ya pamoja baina ya chama na matajiri. Kwa hiyo twadai:

1. Onyo la mvua likitolewa, libandikwe langoni saa ile ile, kwa lugha wafanyakazi wanayoielewa, na lisikae mezani kwa meneja.

2. Siku ambayo njia imefungwa na maji, au wakubwa wameamuru watu wasisafiri, ilipwe kama siku ya kazi. Isitolewe katika likizo ya mwaka.

3. Zamu ya usiku iachwe mapema kabla ya barabara kufungwa. Ikishindikana, walale kiwandani mahali pakavu, pa juu, na wapewe chakula. Milango ya kutokea isitiwe kufuli.

4. Kamati ya usalama ikutane kila Februari na kila Septemba, kabla ya mvua na si baada yake, ikague mitaro, umeme na njia za kutokea.

5. Serikali ya Kaunti ya Kiambu izibue mitaro ya Thika na Ruiru kabla ya Machi, na atakayehamishwa mtoni aonyeshwe kwanza pa kuishi.

Na sisi kwa sisi tusingoje. Kila mtaa wa wanachama uandike orodha ya wazee, wagonjwa, wajawazito na wenye watoto wachanga, ijulikane nani atamwinua nani. Ijulikane shule au kanisa au msikiti ulio juu wa kukimbilia. Kitambulisho, kadi ya hospitali na vyeti vifungwe mahali pasipopenya maji. Filimbi moja kila ploti, mtu mmoja wa kukesha mvua inapozidi. Maji yanayokwenda kasi, hata yakifika magotini tu, humwangusha mtu mzima: usivuke kwa kujisifu. Usiguse waya wala swichi ukiwa umelowa. Maji ya kunywa yachemshwe, maana kipindupindu hufuata mafuriko. Na mtaro ulio mbele ya mlango wako usitupwe taka, kwa ajili yako na kwa ajili ya ndugu yako wa Garsen.

Wazee wetu wanasimulia mafuriko ya 1961. Vijana wameona ya 1997, ya 2023 na ya 2024. Yatakuja mengine. Tajiri peke yake hatatulipa siku hiyo kwa huruma, na mfanyakazi peke yake akiidai atafukuzwa. Lakini kiwanda kizima kikiidai, nani atafukuza kiwanda? Njoni katika mkutano wa tawi. Leteni majina ya mitaa yenu, leteni habari za siku zenu zilizokatwa, zipate kuwekwa mezani kwenye mapatano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tukiuacha uanguke, utatuangukia sisi.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Tawi