Nimechoka kubishania Mungu mtandaoni, na si kwamba nimeshindwa

Usiku mmoja mwaka jana nilikuwa chini ya blanketi, simu mkononi, saa nane na kitu, nikibishana na jamaa nisiyemjua kama twiga wawili wangetoshea kwenye safina ya Nuhu. Bundles zikakata katikati ya sentensi. Unajua nilifanya nini? Nilikopa Okoa Jahazi ya shilingi hamsini ili nirudi kubishania safina.

Asubuhi sikuamka. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya mjengo siku hiyo, na nilipofika saa nne foreman alikuwa ameshachukua mtu mwingine. Twiga walinikosesha chakula cha siku.

Kama wewe ni kijana wa mtandao hapa Kenya, najua umewahi kufika huko, upande huu au ule. Labda wewe ndiye ulikuwa unatetea twiga. Sikucheki. Nataka tuongee tu, kwa sababu mimi nimechoka, na nashuku hata wewe umechoka ila hujasema.

Nikuambie vile niliingia. Niliacha chuo mwaka wa pili. Si kwa kupenda. Karo ilikwama, na jina langu likabandikwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani. Na nilikuwa nimeomba, manze. Nilifunga siku tatu pamoja na mathe, nikaenda kesha Ijumaa mbili, na karo haikuja. Nikarudi Kayole na begi moja na hasira nyingi.

Sasa, ukiwa nyumbani mchana kutwa, kazi huna na simu unayo, mtandao unakupokea kama mgeni wa heshima. Nikafungua akaunti, nikajiita mkana Mungu, nikaanza kutafuta watu wa kukosoa. Nilisoma sana, hilo sikatai. Pengine nilisoma kuliko nilivyosoma chuoni. Na hapo ndipo uchovu ulianzia, kwa sababu ukisoma kidogo tu unagundua kwamba hoja zetu zote ni za mitumba.

Yule anayekuambia saa haiwezi kujitengeneza, kwa hivyo ulimwengu lazima una fundi, anarudia kitu ambacho William Paley, kasisi Mwingereza, alikichapisha 1802. Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli 1899. Yule wa "wewe amini tu, ukikosea hupotezi kitu" anarudia Blaise Pascal, Mfaransa aliyekufa 1662. Na mimi niliyejiona mkali nikiuliza mbona Mungu mwema anaacha mtu asiye na kosa ateseke, nilikuwa nauliza swali lililo ndani ya Biblia yenyewe, kitabu cha Ayubu. Halafu anaingia wa tatu na "dini ililetwa na mzungu". Unamkumbusha kwamba ufalme wa Aksum kule Ethiopia uliingia Ukristo karne ya nne, kabla Uingereza haijakuwa nchi moja, na kwamba Uislamu ulikuwa pwani yetu karne nyingi kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi 1498. Anapotea. Wiki ijayo anarudi na lile lile.

Kurudia hoja ya zamani si kosa. Kosa ni vile tunazirudia. Imamu al-Ghazali aliandika kitabu cha kuwapinga wanafalsafa, akafariki 1111. Ibn Rushd wa Cordoba alizaliwa 1126, na bado akamjibu kwa kitabu kizima, akinukuu maneno ya Ghazali kipande kwa kipande kabla ya kuyapinga. Yaani mtu alikufa kabla wewe hujazaliwa, hawezi kukujibu, na bado unampa nafasi aongee kwanza. Sisi hatufiki hata mstari wa tatu wa posti. Tunaangalia jina, tunaangalia picha, tunajibu. Na mwenye mtandao anafurahi, kwa sababu kadiri tunavyokasirika ndivyo tunavyokaa, na kadiri tunavyokaa ndivyo anavyouza matangazo.

Lakini sikuacha kwa sababu ya vitabu. Niliacha kwa sababu ya rafiki.

Tulikaa naye dawati moja sekondari, na baada ya shule tukabaki kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa letu. Siku moja akaandika hapo maneno matatu: "Mungu atafungua njia." Hakuwa anaongea na mimi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu. Nikajibu, "Njia hufunguliwa na KeNHA."

Grupu ikavunjika mbavu. Yeye akaleta aya, mimi nikaleta aya ya kupinga aya yake. Tukaendelea hivyo wiki mbili. Mwishoni nikapiga skrinishoti ya majibu yake, yale yaliyokuwa dhaifu kabisa, nikayaweka kwenye ukurasa wangu. Nikapata likes zaidi ya mia tatu. Yeye akatoka kwenye grupu kimyakimya, na mimi nikahesabu hiyo kama ushindi.

Miezi mitatu baadaye mwenzetu mmoja akaniambia. Wakati ule, dadake mdogo alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki kwa sababu ya figo, na yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumngoja. Ile "Mungu atafungua njia" haikuwa hoja. Alikuwa ameiandika akiwa kwenye benchi la hospitali, alfajiri, hajui pesa ya wiki ijayo itatoka wapi. Nami nikamwita KeNHA.

Nilimpigia. Alishika. Nikaomba msamaha, akasema, "Ni sawa, buda. Dada anaendelea poa." Halafu sote tukakosa la kusema, nikasikia tu matatu zikipita upande wake. Tangu hapo tunasalimiana. Stori hakuna.

Kinachonikereketa mpaka leo ni hiki: katika zile wiki mbili zote, hakuna aliyemuuliza mwenzake uko aje. Mimi sikumuuliza. Na kama angeniuliza, labda ningemwambia ukweli, kwamba sikuacha kuamini kwa sababu ya Paley wala twiga. Niliacha kwa sababu ya karo. Hoja nilizitafuta baadaye, kama mtu anayetafuta risiti ya kitu alichonunua kitambo.

Usinielewe vibaya. Sisemi kila asiyeamini ameumizwa mahali. Kuna watu walikaa chini, wakafikiri miaka mingi, wakafika huko kwa utulivu, na ni dharau kumuuliza mtu kama huyo "nani alikukosea?" Vilevile si kila anayeamini anaamini kwa sababu ana shida. Naongea juu yangu, na juu ya watu wawili waliopigana wiki mbili kuhusu kitu ambacho hakikuwa kinawasumbua.

Najua swali lako linalofuata. Kwa hivyo tunyamaze? Na Shakahola?

Hapana. Tena tuongee juu ya Shakahola. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu huo kule Kilifi, na watoto walikuwemo. Upande wa mashtaka unasema wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie waliambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu. Yeye amekana mashtaka. Kabla ya hapo alikuwa ameshawahi kukamatwa, na akaachiliwa. Sasa jiulize: ni nini kingewaokoa wale watu? Si ubishi wa kama ulimwengu ulianza kwa mlipuko. Ni jirani anayeuliza mbona watoto wa nyumba ile hawaonekani. Ni chifu anayefuatilia mbona hawaendi shule. Ni kituo cha polisi kinachochukua ripoti kwa uzito. Hayo maswali Mkristo anaweza kuuliza, Mwislamu anaweza kuuliza, hata mimi naweza.

Au chukua pesa za wanasiasa makanisani, kitu ambacho kizazi chetu kilikipigia kelele 2024. Novemba mwaka huo, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza mamilioni ambayo Rais Ruto alitoa kwenye kanisa la Soweto, huku kwetu Eastlands, yarudishwe. Askofu si mkana Mungu. Lakini kwa hilo alikuwa upande mmoja na vijana wengi ambao Jumapili hawakanyagi kanisani.

Na wasioamini pia wana mambo yao ya maana. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 wasio na dini. Chama cha wakana Mungu kilisajiliwa 2016, na miezi michache baadaye usajili ukasimamishwa. Walienda kortini, na walikuwa na pa kusimama: Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani. Kijana akifukuzwa nyumbani kwa sababu ameacha kusali, au akinyimwa kazi kwa sababu anavaa hijabu, niite. Hiyo nitakesha nayo, na bundles nitanunua mwenyewe.

Kwa hivyo tofauti ninayoiona ni hii. Swali la kama Mungu yuko limengoja maelfu ya miaka. Litangoja umalize kazi, ulale, uamke. Mtoto anayenyimwa dawa kwa sababu mzazi ameambiwa aombe tu, huyo hawezi kungoja. Tumekuwa tukitumia nguvu zetu zote kwa lile la kwanza, na hili la pili tunaliwekea emoji ya kulia na kusonga mbele.

Siku hizi Jumapili niko kanisani. Ngoja, usishangilie. Niko nyuma, na kamera. Kanisa la mathe lilikuwa linatafuta mtu wa kurusha ibada moja kwa moja mtandaoni, na mimi hiyo kazi naijua. Nilimwambia pasta mapema kwamba mimi siamini, asije akasikia kwa watu. Akanitazama, akasema, "Kijana, sisi tunalipa kamera. Imani hatulipi." Tumefanya kazi hivyo karibu mwaka. Kuna siku ananiuliza swali gumu tukikunja nyaya, kuna siku namuuliza mimi. Hakuna anayetutazama, hakuna wa kutupigia makofi, na ajabu ni kwamba huwa tunamaliza sentensi zetu.

Nyumbani, mathe akiombea chakula, zamani nilikuwa naendelea kutafuna kwa sauti ili ajue msimamo wangu. Sasa naweka kijiko chini, nangoja. Sijaokoka. Ni yeye amepika, na sala yake haimalizi dakika.

Kama umefika hapa na tayari una jibu la kunimaliza, andika, nitalisoma hadi mwisho. Ila kabla hujaandika, fikiria kama kuna mtu ulimzima kwenye grupu fulani mwaka huu, akatoka bila kusema kitu. Namba yake bado unayo. Mpigie, na usianze na hoja. Muulize ako aje.