Mpaka wa Ulimi na Uzito wa Adhabu

Kila mjadala wa uhuru wa maoni unapoibuka nchini, hutokea mtu akaufunga kwa sentensi moja: hakuna uhuru usio na mipaka. Kauli hiyo ni ya kweli, nami siipingi. Ninachokipinga ni desturi ya kuifanya mwisho wa mazungumzo, ilhali ndiyo mwanzo wake. Tukishakubali kwamba mpaka upo, yatupasa kuuliza mambo matatu. Je, umewekwa na sheria iliyo wazi? Unalinda nini? Na je, adhabu ya anayeuvuka inalingana na madhara aliyoyasababisha?

Vipimo hivyo ndivyo vilivyotumiwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa kwetu Arusha, katika shauri la Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso. Mwaka 2012 mhariri huyo wa gazeti la L'Ouragan alihukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali kwa ufisadi. Tarehe 5 Desemba 2014 Mahakama ilikubali kwamba sheria iliyotumika ilikuwa wazi vya kutosha, na kwamba kulinda heshima ya mtu ni lengo halali. Burkina Faso ilianguka katika kipimo cha tatu: kumfunga mtu kwa sababu ya kashfa ni adhabu iliyopita kiasi. Kifungo kibakie kwa makosa mazito, kama vile uchochezi wa chuki na vurugu.

Sasa tujipime wenyewe. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa maoni. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuuwekea mipaka ili kulinda haki za wengine na maslahi ya umma. Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kuiondoa kashfa katika jinai. Ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamtishia kifungo anayechapisha habari akijua ni za uongo kwa nia ya kukashifu au kutukana.

Nitaambiwa kwamba uongo wa mtandaoni huenea upesi na huharibu jina la mtu. Ni kweli. Lakini jina husafishwa kwa masahihisho, kuombwa radhi na kulipwa fidia, jela hailisafishi. Tena, wa kwanza kunyamazishwa na hofu ya jela si mwongo. Ni mwanachama wa ushirika anayeona fedha zikipotea, asiye na nyaraka mkononi wala wakili wa kumtetea.

Mwananchi huyo akifungwa, hawezi kubisha hodi moja kwa moja pale Arusha, kwa kuwa Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri mbele ya Mahakama hiyo. Kwa hiyo nina rai mbili: Bunge likifanyie kifungu cha 16 kile lililokifanya kwa Sheria ya Huduma za Habari, na serikali ilirejeshe tamko lile.