AACHAYE KAZI NA MATIBABU YAKE

Katika Kenya, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya Bima ya Afya ya Jamii, na mwajiri ndiye apelekaye fedha. Siku mtu aachapo kazi makato hukoma, lakini maradhi hayakomi. Sheria yamtaka aeleze upya mapato ya nyumba yake, kisha atangulize mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 3,600, ilhali mfuko wake u mtupu. Asiyejua hayo huyajua siku ya kulazwa. Basi yafaa kila aondokaye aelezwe mapema. Nasi twaiomba Serikali imwachie miezi mitatu ya kutibiwa kwa michango aliyokwisha kutoa.