Lilongwe hadi Bujumbura: Ramani na tiketi hazisemi lugha moja

Ndugu zetu waliorejea kutoka Malawi, pamoja na wafanyabiashara wa mpakani, huuliza swali moja: Lilongwe na Bujumbura ni mbali kiasi gani? Ukipiga mstari ulionyooka kati ya Uwanja wa Ndege wa Kamuzu na ule wa Melchior Ndadaye, unapata kiasi cha kilomita 1,260. Jeti ingezimaliza kwa saa mbili hivi.

Lakini tiketi nyingi hupitia Addis Ababa. Abiria huenda kaskazini kiasi cha kilomita 2,580, akiwa ameshaipita Burundi, kisha hurudishwa kusini magharibi kilomita 1,720. Jumla ni 4,300, zaidi ya mara tatu ya mstari wa ramani. Hewani tu ni zaidi ya saa sita, na ukiikosa ndege ya pili unalala. Kupitia Nairobi ni kiasi cha kilomita 2,300, ila hapo ratiba ndiyo huamua.

Sidhani kama mashirika ya ndege yanatuonea. Ndege huelekezwa kwenye kituo kikuu ambako abiria wa nchi nyingi hukusanywa pamoja. Sisi wa Lilongwe na Bujumbura peke yetu ni wachache. Azimio la Yamoussoukro la mwaka 1999, na soko moja la anga la Umoja wa Afrika lililozinduliwa Januari 2018, vililenga kuondoa vikwazo vya ruhusa. Ruhusa, hata hivyo, haijazi viti.

Tahadhari moja kuhusu saa. Malawi na Burundi zina saa sawa, lakini Ethiopia na Tanzania zimetangulia kwa saa moja. Tiketi huandika saa za kizungu za kila mji: 14:00 ni saa nane mchana ya pale ulipo, si ya kwenu. Wapo wanaochanganya, wakaachwa.

Barabara je? Kutoka Lilongwe unapita Mzuzu, Karonga na mpaka wa Songwe, halafu Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Kigoma na Manyovu. Ni zaidi ya kilomita 1,700, yaani chini ya nusu ya mzunguko wa Addis! Huchukua siku kadhaa, tena kwa mipaka miwili. Mwenye marobota ya vitenge hana cha kujiuliza, kwa kuwa ndege humpimia kilo. Anayewahi maziko atalipa mzunguko.

Kuna umbali mwingine usioonekana katika tiketi. Nilisoma Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza, wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Uwanja wa Kamuzu uko Lumbadzi, katikati ya kambi na mji, na ndege tulizisikia tukiwa darasani. Lakini serikali huwataka wakimbizi wakae kambini, na Mei 2023 vyombo vya usalama vilianza kuwarudisha kwa nguvu waliokuwa wakifanya biashara mjini. Ndugu aliyebaki Dzaleka anahitaji kwanza hati ya kusafiria ya mkimbizi, kisha visa za njiani. Kwa hiyo wewe uliyerejea na pasipoti mkononi, ukipanga kuonana naye, panga kwenda wewe. Usimtumie tiketi kabla hajapata hati hiyo.