Sh60 kwa siku si bei: piga hesabu yote kabla ya kuchukua simu

Ukipita Luthuli Avenue, Nairobi, hujasimama tayari umeitwa. "Karibu boss, unatafuta simu gani?" Na siku hizi, hata kabla ya kuuliza bei, unaambiwa unaweza kuondoka nayo leo, kisha ulipe mdogo mdogo. Shilingi 60 kwa siku. Hiyo ni chai na mandazi. Nani atashindwa?

Maoni yetu ni haya: shilingi 60 kwa siku si bei. Ni njia ya kulipa bei, na bei yenyewe mara nyingi huulizi.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme simu inauzwa sh15,000 ukilipa pesa taslimu. Kwa mkopo unatoa sh3,000 mwanzo, halafu sh60 kila siku kwa siku 365. Hizo 60 zikijumlishwa ni sh21,900. Ongeza 3,000 za mwanzo, simu imekugharimu sh24,900. Umelipa sh9,900 zaidi. Sasa tuseme ungeanza na zile 3,000, uweke 60 kila siku kwenye akiba yako mwenyewe. Ungefikisha 15,000 kwa siku 200. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini uliza kwanza kibaba ni cha nani.

Hatusemi mkopo wa simu ni mbaya. Mtu wa boda anayepata wateja kupitia app hawezi kungoja siku 200, maana kila siku bila simu ni hasara. Kama simu itakuingizia zaidi ya hiyo tofauti, chukua. Lakini kama unayo simu na shida ni betri au skrini, pitia kwa fundi kwanza usikie anasemaje.

Kuna swali lingine ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: siku nikikosa hizo 60, itakuwaje? Simu nyingi za mkopo hujifunga malipo yakichelewa. Na kwa wengi wetu, simu ndiyo pochi. Ukiugua wiki moja, biashara inasimama, na simu ya kutafutia kazi nayo imefungwa. Muulize muuzaji inafungwa baada ya siku ngapi, na ukirudisha simu utapoteza nini. Kisha usiuze ile kabambe yako ya zamani. Ukihamishia laini humo, pesa zako bado unazifikia.

Ukishaamua kununua, iwe kwa mkopo au taslimu, fanya haya ukiwa bado dukani:

1. Omba bei ya taslimu na jumla ya mkopo, zote kwa maandishi. Muuzaji akizungukazunguka, ondoka.

2. Bonyeza *#06#. Namba ya IMEI yenye tarakimu 15 itatokea. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa SMS hadi 1555, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, uone kama simu ni halali. Mwaka 2012 zaidi ya simu feki milioni moja zilizimwa nchini, na waliozinunua walibaki na hasara yao.

3. Lipa kwa till au paybill ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo.

4. Hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na risiti na waranti. Mkibishana baadaye, huo ndio ushahidi wako.

5. Akikusaidia kuweka laini kwenye simu mpya, asante. PIN iweke mwenyewe.

Kazi yetu ni malipo, na ungetarajia tufurahie kila siku unapolipa hizo 60. Lakini mteja ambaye hela yake yote inaishia kwenye deni la simu habaki na kitu cha kutuma nyumbani wala cha kuweka akiba. Kwa hivyo safari hii, ukiambiwa "ni sixty tu," jibu na swali moja: jumla ni ngapi?