Malazi ya Msafiri Dar es Salaam
Msafiri awasiliye Dar es Salaam kutoka bara, akateremka alfajiri katika stendi ya Mbezi Luis, aghalabu huuliza kwanza bei ya chumba, ilhali lililo aula kuulizwa ni masafa ya kutoka mlangoni hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi. Kwani tangu mwaka 2016, mabasi hayo yalipoanza kupita katika njia yao mahsusi baina ya Kimara na Kivukoni, nyumba za wageni za Manzese na Magomeni zilizo kando ya njia hiyo, zenye kitanda, chandarua, feni na ndoo ya maji, zimekuwa karibu na mjini kuliko hoteli za fahari za Kunduchi. Chumba rahisi kilichojificha mbali na barabara kuu hugeuka ghali kwa nauli ya bodaboda, na mwenye mgonjwa katika hospitali ya Muhimbili au shughuli sokoni Kariakoo hana wasaa wa kupoteza katika foleni. Nawanasihi basi wageni wetu wakague chumba kabla ya kulipa, wafungue bomba, wajaribu komeo, wadai stakabadhi. Na nawasihi wenye mamlaka, kila njia mpya ijengwapo, wahifadhi kandokando yake nafasi ya malazi ya watu wa kipato kidogo, kwa kuwa mji usiomsitiri mgeni maskini haujatimiza haki ya ukarimu.